Kalulu wa Kitabuni na Kalulu wa Unyanyembe

Mwezi Septemba mwaka 1871, katika tembe moja la Kwihara, mahali ambapo mtu wa Kanyenye, hapa Tabora, anaweza kufika kwa miguu kabla jua halijawa kali, mfanyabiashara mmoja Mwarabu aitwaye Mohammed alimzawadia mgeni mmoja mtumwa mdogo wa kiume. Mtoto aliitwa Ndugu M'hali, au ndivyo mgeni alivyoliandika jina lake. Mgeni hakulipenda, akawataka wakubwa wa msafara wake wampatie jingine. Mmoja akasema aitwe Simba, mwingine Ng'ombe. Aliyetaja Mirambo aliwafanya wote waangue kicheko, maana majuma machache tu yalikuwa yamepita tangu mtemi Mirambo mwenyewe auchome moto mji wa Tabora. Bombay, mkuu wa askari, akaona inafaa aitwe Bombay Mdogo. Hatimaye Ulimengo, baada ya kumtazama mtoto macho yake maangavu na wepesi wake wa kwenda na kurudi, akasema huyu ni Kalulu, jina ambalo mgeni alielezwa kuwa ni la mnyama mdogo jamii ya paa. Wote wakakubali. Miaka miwili baadaye jina hilo lilikuwa juu ya jalada la riwaya iliyochapwa London na kisha New York: My Kalulu, Prince, King, and Slave. Mtunzi wake alikuwa yule mgeni, Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald.

Stanley tunamjua kwa mambo mengine. Shuleni tulifundishwa kuwa ni mpelelezi aliyemtafuta David Livingstone hadi Ujiji, akauteremka mto Kongo, kisha akamfungulia njia Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Riwaya yake hutajwa kwa nadra, na anayeitaja huitaja kama mchezo wa pembeni wa mtu aliyekuwa na kazi kubwa zaidi. Mimi naona kinyume chake. Stanley alikuwa mtunzi wa hadithi kwanza, na hayo mengine aliyafanya na kuyaandika kwa mkono uleule wa mtunzi. Riwaya ya Kalulu, pamoja na udhaifu wake wote, ndiyo mahali ambapo mkono huo unaonekana waziwazi, bila kujifunika kwa tarehe, vipimo na ramani. Anayetaka kupima habari alizoandika Stanley juu ya Unyanyembe, Mirambo, Ujiji au wapagazi hana budi kuanzia hapo. Wasomaji wa Tabora ndio wenye nafasi nzuri zaidi ya kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa mashahidi wengine wa mambo yaleyale wako karibu nao.

Maisha ya mtu huyu yalikuwa utunzi tangu mwanzo. Alizaliwa Denbigh, huko Wales, mwaka 1841, nje ya ndoa, akaitwa John Rowlands. Sehemu kubwa ya utoto wake aliimaliza katika nyumba ya kulelea maskini ya St Asaph. Mwaka 1859 alivuka bahari hadi New Orleans, na huko akajipa jina jipya. Baadaye alisimulia kwamba jina hilo alilirithi kwa mfanyabiashara tajiri aliyemfanya mwanawe. Waliochunguza wasifu wake wameonyesha kwamba kisa hicho hakisimami. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, alipigana upande wa Kusini na kutekwa huko Shiloh mwezi Aprili 1862. Akiwa mateka alijiandikisha upande wa Kaskazini, baadaye akaingia jeshi la majini, na mwaka 1865 akatoroka. Ndipo alipogeukia magazeti. Mtu aliyekwisha kubadili jina, baba, nchi na jeshi kabla hajatimiza miaka 25 hakuhitaji kufundishwa namna ya kumuumba mhusika.

Hapa najua wapo watakaonikatisha. Watasema Stanley si mwandishi wa Kimarekani: alizaliwa Wales, uraia wa Marekani aliupata rasmi mwaka 1885 tu, na mwaka 1892 akaurudia ule wa Uingereza. Watasema pia kwamba mwenye riwaya moja hawezi kuketi baraza moja na Nathaniel Hawthorne au Mark Twain. La kwanza ni kweli kwa karatasi, lakini Tabora ya 1871 ilimpokea kama Mmarekani. Bendera aliyoipandisha juu ya tembe la Kwihara siku Mirambo alipokaribia ilikuwa ya Marekani, na fedha za msafara zilitoka kwa James Gordon Bennett, mwenye gazeti la New York Herald. Hata shehena ya wapagazi ilinena hivyohivyo. Sehemu kubwa ya mizigo ilikuwa nguo, na nguo iliyokuwa ikitafutwa sana kuliko kaniki ilikuwa merikani, kitambaa kizito cha pamba kilichoitwa kwa jina la nchi ilikotoka. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikwisha kuizoea bandari ya Unguja tangu enzi za Seyyid Said, ambaye alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Na Salem ndiko alikozaliwa Hawthorne, ndiko alikofanya kazi katika ofisi ya forodha miaka ya 1840, wakati meli za mji huo zikileta pembe na sandarusi kutoka pwani yetu. Kwa hiyo uhusiano wa Tabora na nchi ya watunzi hao ni wa zamani kuliko Stanley. Yeye aliukuta umekwisha kufungwa katika mitumba.

Kuhusu hoja ya pili, nakubali kwamba Stanley si wa daraja la Hawthorne. Lakini waandishi wa Marekani wa zama zake wengi walilelewa na gazeti, na gazeti la siku zile halikuwa na ukuta mrefu kati ya habari na kisa. Twain alianzia hapohapo. Mwaka 1867 Stanley, akiandikia gazeti moja la St. Louis, aliripoti mhadhara wa Twain, na wawili hao wakabaki wakifahamiana kwa miaka mingi. Wote walijifunza kwamba msomaji hununua kesho gazeti lililomwacha leo na hamu. Tofauti yao ni kwamba Twain alimwambia msomaji wake, kwa kumkonyeza, wapi anatia chumvi. Stanley alitia chumvi akaapa kuwa ni sukari.

Sasa tuitazame riwaya yenyewe. Mhusika wake mkuu wa kwanza ni Selim, kijana wa Kiarabu wa Unguja, anayefuatana na msafara wa watu wake kwenda bara hadi Urua. Waarabu wanashindwa vitani, Selim anatekwa na kuonja utumwa ambao jamaa zake waliwatwisha wengine. Anatoroka, anapotea porini akiwa karibu kufa, na anaokolewa na Kalulu, kijana wa nyumba ya kifalme miongoni mwa Watuta. Wawili wanachanjiana, wanakuwa ndugu wa damu. Mfalme anapokufa inazuka fitina ya kiti, Kalulu anapoteza ufalme, na safari ya kukimbia inaanza, ikiwa na mapori, wanyama, njaa na wasaliti kama ilivyo desturi ya vitabu vya vijana. Mwishowe mwana wa mfalme anafikishwa sokoni Unguja kuuzwa, na Selim ndiye anayemnunua ili amwache huru. Stanley alisema wazi kwamba aliwaandikia vijana, na kwamba alitaka wachukie biashara ya watumwa. Wakati haungeweza kuwa mzuri zaidi: mwaka uleule wa 1873, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja, baada ya shinikizo kubwa la Waingereza.

Tusimnyime haki yake. Riwaya hii ina jambo ambalo vitabu vingi vya Ulaya vya miongo iliyofuata havina: mashujaa wake si Wazungu. Rider Haggard alipotoa King Solomon's Mines mwaka 1885, ushujaa ulirudi mikononi mwa mabwana watatu wa Kizungu. Kwa Stanley, Mwarabu na Mwafrika ndio wanaopenda, wanaoogopa, wanaofikiri na kukosea, na watumwa wawili, Simba na Moto, wana akili na heshima kuliko mabwana wengi. Na majina hayakutoka hewani. Selim lilikuwa jina la kijana Mkristo wa Kiarabu kutoka Jerusalem aliyekuwa mkalimani wa msafara wa 1871. Alimwuguza Stanley homa pale Kwihara. Kalulu tumekwisha kumwona. Mtunzi aliwachukua vijana wawili waliokuwa wakimhudumia katika tembe, akampa mmoja utajiri wa Unguja na mwingine ufalme. Kisanaa ni kitendo cha ukarimu. Ila ukarimu huo ulilipwa kwa sarafu ya kitabuni tu.

Kwa maana Kalulu wa kweli hakupewa ufalme. Alipewa kazi ya kuhudumia meza. Alikwenda na Stanley hadi Ujiji na kurudi, akashuka naye pwani, akapanda naye meli mwaka 1872. Huko London alipigwa picha studioni pamoja na bwana wake, Stanley akiwa na bunduki na kofia, mtoto akiwa nyuma yake kama sehemu ya mavazi. Mwishoni mwa mwaka huo alivuka hadi Marekani, na katika mihadhara ya New York alioneshwa jukwaani. Kisha akarudishwa Uingereza na kupelekwa shule huko Wandsworth, ambako alikaa yapata miezi 18. Tarehe 18 Aprili 1874, mwili wa Livingstone ulipozikwa Westminster Abbey, ukiwa umebebwa na wapagazi kutoka moyoni mwa Afrika hadi pwani kupitia hapahapa Unyanyembe, Stanley alikuwa mmoja wa watu wanane waliopewa heshima ya kusindikiza jeneza, na Kalulu naye alikuwamo kanisani. Sanamu yake ya nta iliwekwa katika jumba la Madame Tussaud. Fikiri, msomaji, juu ya mtoto huyu: alitoka mikononi mwa mfanyabiashara wa Tabora akawa maonyesho ya London, na kati ya vituo hivyo viwili hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuna mtu aliyemwuliza anataka nini.

Jibu lake alilitoa mwenyewe, ingawa hakulitoa kwa maneno. Novemba 1874 Stanley aliondoka tena Bagamoyo, safari hii na msafara mkubwa zaidi, na Kalulu akiwamo. Mwaka 1876 walipofika Ujiji, ndui ilikuwa ikiua mjini, na watu walikuwa wakisimuliana mambo ya kutisha juu ya Manyema, nchi waliyotarajia kuingia. Wapagazi wakaanza kutoroka kwa makundi. Miongoni mwa waliotoroka alikuwa Kalulu. Stanley aliandika juu ya tukio hilo kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa, akikumbusha jinsi alivyomsomesha Uingereza. Kijana alitafutwa, akakamatwa, akarudishwa. Mwisho wa Machi 1877, katika maporomoko ya mto Kongo, mtumbwi aliokuwamo ulichukuliwa na maji, akafa pamoja na wenzake. Stanley aliyaita maporomoko hayo kwa jina lake, na nadhani majonzi yake yalikuwa ya kweli. Lakini tazama mambo yanavyopingana. Kalulu wa riwaya hamwachi rafiki yake hata mara moja, na uaminifu wake ndio nguzo ya kitabu. Kalulu wa Unyanyembe alipopata nafasi yake ya kwanza alikimbia. Na aliyemhukumu kwa kukimbia alikuwa mtu aliyetoroka jeshi la majini la Marekani akiwa na miaka 24. Mtunzi alimwandikia mtoto tabia, mtoto akaikataa kwa miguu yake; huo ndio uhakiki wa kwanza wa riwaya hii, na mpaka leo sijaona ulio mkali kuliko huo.

Mtu anaweza kusema: haya ni ya riwaya, na riwaya ina ruhusa ya kubuni, usiyahamishie kwenye vitabu vyake vya safari. Hapo ndipo mfano wa Mirambo unapofaa. Stanley alifika Unyanyembe tarehe 23 Juni 1871, akapokelewa kwa heshima kubwa. Kwa kalamu yake mwenyewe aliorodhesha ng'ombe 5 wanono, kondoo 8 na mbuzi 10 walioletwa na Waarabu wa Tabora, mbali na kuku na mayai. Alikuta njia ya Ujiji imefungwa na Mirambo, aliyekuwa akidai haki ya mwenye nchi juu ya misafara inayopita kwake. Mwezi Agosti akajiunga na Waarabu kumpiga vita. Walianza kwa kuteka vijiji, kisha kikosi kilichokwenda Ulyankulu kikavamiwa njiani kikirudi na nyara, na waliobaki wakakimbia kila mtu na roho yake, Stanley mgonjwa wa homa akiwa miongoni mwao. Kabla mwezi huo haujaisha, Mirambo na wapiganaji wake, ruga-ruga, wakaingia Tabora na kumwua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji. Katika barua za Stanley kwa gazeti lake, na katika kitabu chake cha 1872, Mirambo wa siku hizo ni jambazi, mporaji, adui wa biashara na wa ustaarabu. Basi ruka miaka mitano. Aprili 1876, wawili hao wakakutana huko Serombo. Jambazi amegeuka: ni mtu mpole wa sauti, mkarimu, mwenye haiba ya kiungwana, na Stanley anajishangaa kwa jinsi alivyokuwa akimdhania. Manwa Sera, nahodha wa msafara wa Stanley, akawachanja miguuni, wakabadilishana damu, wakawa ndugu.

Mirambo hakubadilika kiasi hicho kwa miaka mitano. Aliendelea kuijenga himaya yake kwa silaha, akaendelea kudhibiti njia hadi alipofariki mwaka 1884. Kilichobadilika ni mahitaji ya kisa. Mwaka 1871 Stanley alihitaji kikwazo kati yake na Livingstone, na kisa cha kutafuta mtu hakinogi bila adui njiani. Mwaka 1876 alihitaji mfalme wa Kiafrika wa kuketi naye kama mwenzake. Na kitendo cha kuchanjiana alikuwa amekwisha kukitunga: Selim na Kalulu walichanjiana katika kurasa za 1873, miaka mitatu kabla Stanley hajanyosha mguu wake Serombo. Sisemi kwamba tukio la Serombo halikutokea. Lilitokea, na udugu wa kuchanjiana ulikuwa desturi halisi ya nchi hii ambayo yeye hakuibuni. Nasema kwamba alipoliandika alilitia katika kalibu iliyokuwa tayari. Anayetaka kumjua Mirambo kwa upande wa Wanyamwezi wenyewe anacho kitabu kidogo cha J. B. Kabeya, Mtemi Mirambo, kilichotoka mwaka 1966, na atamkuta huko mtawala mwenye sababu zake na asiye jambazi wala malaika.

Kuna mfano mwingine unaojulikana zaidi, nami nitaugusa tu. Ile salamu ya Stanley kwa Livingstone walipokutana Ujiji, sentensi moja ya kiungwana ambayo ulimwengu mzima unaikumbuka, haimo katika maandishi ya Livingstone juu ya siku ile. Shajara ya Stanley mwenyewe imechanwa kurasa za mahali hapo. Tim Jeal, aliyeandika wasifu wake mwaka 2007 baada ya kupekua nyaraka zake zilizohifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, anaona kuna uwezekano mkubwa kwamba salamu hiyo ilibuniwa baadaye. Ikiwa ni hivyo, basi kazi ya ubunifu ya Stanley iliyosomwa na watu wengi kuliko zote ina urefu wa maneno machache tu, na iliuzwa kama habari.

Pingamizi kubwa zaidi ni la maadili. Riwaya ilipinga utumwa, litasema, na kitabu kinachopinga utumwa mwaka 1873 kinastahili shukrani yetu kuliko lawama. Shukrani naitoa, kwa kipimo. Kitabu kinaonesha minyororo, njaa ya njiani, soko; vijana wa London na New York waliokisoma hawakuweza kusema hawakujua. Lakini mkosaji mkuu wa biashara hiyo katika kitabu ni Mwarabu, na hapo ndipo mtunzi alipojificha. Mtoto aliyetoa jina la kitabu alifika mikononi mwa Stanley kama mali, kwa njia ileile ya kupeana mali, na Stanley alimpokea. Misafara yake iliendeshwa kwa kiboko na mnyororo wa watoro, mambo ambayo hakuyaficha hata kidogo, aliyaandika. Tena hoja ya kuwakomboa Waafrika kutoka kwa Waarabu ndiyo iliyobebwa na Leopold alipojitwalia Kongo, na aliyemtumikia kwenye kazi hiyo tangu 1879 hadi 1884 alikuwa mtunzi wa My Kalulu. Mwaka 1905, mwaka mmoja baada ya Stanley kufariki, Twain alitoa kijitabu cha dhihaka dhidi ya Leopold na ukatili wa Kongo. Mwandishi wa Kimarekani aliyekiri kuwa anatunga ndiye aliyesema kweli juu ya Kongo. Aliyeapa kuwa anaripoti ndiye aliyesaidia kuificha.

Ni haki pia kumsikiliza mtu wa njia hii aliyeandika kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara wa pembe aliyejulikana kama Tippu Tip, alikuwa mtoto wa hapa kwa namna yake: baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi Ituru, karibu na Tabora, na alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Mwaka 1876 Tippu Tip na Stanley waliafikiana kwamba amsindikize kutoka Manyema kuelekea kaskazini, na kila mmoja aliacha maelezo yake. Hesabu za malipo za hao wawili hazilingani, na Tippu Tip anasema wazi kwamba hakulipwa alivyoahidiwa. Maisha yake, yaliyochapwa Berlin na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni maandishi makavu: frasila za pembe, majina ya watemi, vita, deni, nani alimkosea nani. Hayana jua linalotua. Simfanyi kuwa mkweli kwa sababu ni wa kwetu. Naye alikuwa na mengi ya kuficha, na mateka waliobeba pembe zake hawana sauti katika kurasa zake. Lakini ukiviweka vitabu vya hao wawili pamoja unaona mara moja ni yupi kati yao anatunga ili upende kusoma, na ni yupi anadai chake.

Mwaka 1893, akiwa amechoka na safari, Stanley alitoa kitabu kingine cha hadithi, My Dark Companions and Their Strange Stories. Hizi alizisikia jioni kambini, akaziandika upya, na kwa nyingi alitaja majina ya waliozisimulia, kama Sabadu na Kadu. Kwa maoni yangu ndicho kitabu chake cha ubunifu kilicho bora, kwa sababu safari hii alikubali kuwa karani wa watunzi wengine. Ndani yake wanyama wana akili kuliko Kalulu wa riwaya, na mazungumzo yana ule mnato wa hadithi iliyokwisha kusimuliwa mara mia kabla haijafika kwenye karatasi. Mtunzi wa kweli wa vitabu vyake vizuri, basi, mara nyingi alikuwa mtu mwingine aliyekuwa amekaa upande wa pili wa moto.

Wageni wanaokwenda Kwihara leo hupelekwa katika jumba la makumbusho lenye jina la Livingstone. Stanley alikaa katika tembe la mahali hapo kabla ya Livingstone, na Livingstone alibaki baada yake hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi. Ndugu M'hali alipewa jina jipya mahali hapohapo, na anastahili ukuta wake: picha ya studio ya London, ukurasa wa kwanza wa riwaya, na maelezo ya Ujiji mwaka 1876 alipokimbia. Walimu wa fasihi wa Tabora nao wana kazi ya kufanya. My Kalulu ni kitabu cha mtu aliyefariki mwaka 1904. Haki za uandishi zimekwisha siku nyingi, na yeyote anayetaka kukitafsiri kwa Kiswahili, kwa vijana walewale wa umri ambao Stanley alisema anawaandikia, hana haja ya kumwomba mtu ruhusa wala kumlipa senti moja.